Utangulizi wa Jiografia ya Dunia: maksi zinapotelea wapi, na zinapaswa kulipa kitu gani?

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Muhula ukifika katikati malalamiko ni yaleyale: "Nimesoma sana, najua nchi zote na miji mikuu yake, mbona nimeambulia maksi za wastani?" Mimi nafundisha na kusahihisha kozi hii ya mwaka wa kwanza, na nimeona tuiongelee kwa kirefu, wanafunzi na walimu wenzangu pamoja. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga apinge akijua anapinga nini. Maksi nyingi za somo hili zimwendee anayeweza kueleza kwa nini kitu kiko pale kilipo. Kujua kwamba kipo ni lazima, ila malipo yake yawe madogo, na mwanafunzi alione hilo tangu siku anayopewa muhtasari wa kozi.

Mgawanyo ninaoutetea ni huu: majaribio ya ramani 15, mazoezi ya kila wiki 30, mradi wa eneo moja la dunia 20, jaribio la kati 10, mtihani wa mwisho 25. Najua wapo wanaoupa mtihani wa mwisho 60 au zaidi. Siungi mkono. Kusoma grafu, kuchora ramani, kulinganisha maeneo mawili, hizi ni kazi za mkono na macho. Mtu anazijua kwa kuzifanya, kurudishiwa karatasi ikiwa na maelezo, kisha kuzifanya tena. Huwezi kumpima mara moja mwishoni ukasema umempima.

Nitoe mfano wa zoezi moja ili tusiongee hewani. Mwanafunzi anapewa grafu ya tabianchi isiyo na jina la mahali: nguzo za mvua, mstari wa joto, miezi 12. Joto liko juu kabisa Januari na Februari, linashuka hadi chini Julai, na mvua karibu yote inanyesha kati ya Mei na Agosti. Swali: hapa ni wapi, na umejuaje?

Zoezi lina maksi 10. Mbili ni za kuona kwamba Julai ndiyo baridi, kwa hiyo tuko kusini mwa Ikweta. Mbili nyingine ni za kusema kwamba mvua inakuja majira ya baridi na majira ya joto ni makavu, kwa hiyo hii ni tabianchi ya Mediterania, ile ambayo kwenye mfumo wa Köppen wa kupanga tabianchi za dunia kwa herufi inaandikwa Cs. Nne ni za sababu: majira ya joto ule ukanda wa mgandamizo mkubwa wa hewa unasogea kuelekea kusini na kuzuia mvua, majira ya baridi unarudi upande wa Ikweta, na pepo za magharibi zinapata njia ya kuleta mvua kutoka baharini. Mbili za mwisho ni za mahali: upande wa magharibi wa bara, latitudo kati ya 30 na 40. Hapo Cape Town inaingia, Perth inaingia, Santiago ya Chile inaingia. Miji mitatu, mabara matatu, yote kati ya nyuzi 31 na 34 kusini. Mimi kila nikilifundisha hili bado linanisisimua.

Sasa angalia. Mwanafunzi wa kwanza kaandika "Cape Town", nukta. Na kweli grafu ilikuwa ya Cape Town. Anapata 2. Wa pili kapita hatua zote, sababu kazieleza, mwisho kasema Perth. Anapata 9, kwa kuwa alichokosa ni kuangalia jumla ya mvua tu: Perth hupata mvua nyingi kuliko iliyochorwa pale. Yule wa kwanza anakuja ofisini amekasirika, anasema, "Mimi nimepatia na mwenzangu kakosea, mbona kanizidi?" Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya swali hilo.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, shikamoo na heshima kwako, ila hapa ndipo mnapotuumiza. Mtu unakesha na ramani tupu, unakariri nchi 193 za Umoja wa Mataifa, miji mikuu, mito, milima, halafu kumbe yote hiyo ni asilimia 15? Kama haina uzito, kwa nini mnatupa? Na spelingi mnakata maksi. Mimi nimewahi kukatwa kwa herufi moja.

Mleta uzi

Marahaba. Swali lako ni la haki kabisa, na lawama nyingi hapo ni zetu walimu, kwa sababu majina tunayatupa mbele yenu bila kuwaambia ni ya kazi gani.

Kwanza, majina yanabadilika. Eswatini ilichukua jina hilo 2018. Macedonia Kaskazini 2019. Türkiye ilibadilisha jina lake kwenye Umoja wa Mataifa 2022. Mji mkuu wa Kazakhstan ulikuwa Astana, 2019 ukaitwa Nur-Sultan, 2022 ukarudi kuwa Astana. Na hao 193 wenyewe wamefikia idadi hiyo 2011 ilipoingia Sudan Kusini. Aliyebeba orodha tupu kichwani atabaki na orodha ya mwaka aliousoma.

Pili, jina linakaa kichwani likipewa sababu. Angalia Kinshasa na Brazzaville. Miji mikuu ya nchi mbili, inatazamana ng'ambo ya mto mmoja. Kwa nini pale? Chini ya hapo Mto Kongo unaingia kwenye maporomoko ya Livingstone na meli haziwezi kupita kwenda baharini. Juu yake mto unapitika safari ndefu mno kuingia ndani ya bara. Kwa hiyo mzigo unaoshuka na mto lazima uteremshwe pale, upakiwe kwenye reli. Upande wa Kinshasa ikajengwa reli ya Matadi, ikakamilika 1898. Upande wa Brazzaville reli ya Pointe-Noire, 1934. Ukishaelewa hilo, hutachanganya tena Kongo hizi mbili, na hukukariri chochote.

Fanya hivyohivyo kwa miji mikuu inayowaangusha watu wengi. Canberra ilijengwa kwa sababu Sydney na Melbourne ziligombea heshima hiyo. Brasília ilichukua nafasi ya Rio de Janeiro 1960 ili kuvuta watu na maendeleo kuelekea bara. Abuja ikachukua nafasi ya Lagos 1991, ikiwa katikati ya nchi ambayo makundi yake makubwa yana ngome zake pembeni. Miji mitatu, hoja tatu tofauti. Hiyo tayari ni nusu ya insha.

Tatu, namna ya kutoa majaribio yenyewe. Yawe madogo, yawe mengi, na mwanafunzi aruhusiwe kurudia mpaka afikie kiwango. Ramani si mahali pa kumtafutia mtu kosa. Na spelingi, kanuni yangu ni moja: kama jina ulilolikosea haliwezi kuchanganywa na mahali pengine, maksi yako iko palepale. Ukiandika Kyrgyzstan kwa herufi zozote zile nitakuelewa. Ila ukiandika Niger juu ya Nigeria, au Slovenia juu ya Slovakia, hapo umetaja nchi nyingine. Aliyekukata kwa herufi moja isiyobadilisha kitu, mwendee na karatasi yako kwa adabu, mwombe aitazame upya.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni mwalimu wa somo hilihili. Nakubaliana nawe kwa nadharia. Lakini mwenzangu, darasa la watu 200 unalisahihishaje kwa mtindo wa hatua kwa hatua? Na hizi insha za kupeleka nyumbani siku hizi zinaandikwa na akili mnemba. Zinarudi safi, zina vichwa vya habari, zote zinafanana. Nimefikia hatua ya kurudi kwenye maswali ya kuchagua herufi ili nilale.

Mleta uzi

Pole mwalimu, uchovu huo naujua. Usirudi kwenye herufi moja kwa moja, au ukirudi, yape maswali hayo kazi ya kufikiri: weka grafu ileile, kisha chaguo nne ziwe sababu nne badala ya majina manne ya miji.

Kuhusu wingi wa karatasi, swali lililotungwa vizuri husahihishwa haraka kuliko insha ndefu. Nimeacha kuuliza "Eleza athari za matetemeko ya ardhi." Swali hilo linaita kurasa nne za maneno ya jumla, na akili mnemba hulijibu usingizini. Siku hizi nauliza hivi:

*Tarehe 12 Januari 2010 Haiti ilipata tetemeko la ukubwa wa 7.0. Tarehe 27 Februari mwaka huohuo Chile ilipata la 8.8. La Chile lilitoa nishati takribani mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu kama 500. Haiti, serikali yao ilitaja zaidi ya 200,000. Kwa kutumia ramani mbili ulizopewa, eleza tofauti hii kwa maneno yasiyozidi 250.*

Ramani hizo zinaonesha vitovu vya matetemeko, kina chake, na miji ya karibu. Wanaandikia darasani, kwa kalamu, dakika 30.

Majibu yanayokuja yanajigawa yenyewe. Kundi la kwanza linaanza na mabamba ya gamba la dunia: Nazca linazama chini ya Amerika Kusini, Karibea linasuguana na Amerika Kaskazini, na wanaishia hapo. Ni kweli tupu, lakini wameeleza kwa nini kulikuwa na matetemeko, na mimi nimeuliza kwa nini vifo vimetofautiana. Hao wanapata kama 3 kati ya 10. Kundi la pili linatazama ramani. Wanaona kitovu cha Haiti kiko karibu sana na Port-au-Prince, kilomita kama 25, na si kirefu kwenda chini. Cha Chile kiko baharini, kirefu zaidi. Wanafikia 6. Kundi la tatu linaongeza kwamba Chile ilishapata tetemeko la 9.5 mwaka 1960, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, na nchi ikaishi na kanuni kali za ujenzi. Haiti zege liliporomoka kwa sababu ya nyumba zilizojengwa bila usimamizi, katika nchi maskini, mji umefurika watu. Hao wananipa raha, na wanapata 9 au 10.

Kusahihisha karatasi moja ya namna hii hakunichukui hata dakika mbili, maana najua ninachokitafuta na kiko kwenye mwongozo wa maksi. Mwongozo huo wanafunzi nao wanao kabla ya jaribio. Wapo walimu wanaouficha kama siri ya nchi, na sijawahi kuelewa faida yake. Ukimwambia mtu "maksi ziko kwenye kulinganisha", atajifunza kulinganisha. Si ndicho tulichotaka?

Akili mnemba sijaipiga marufuku kwenye mradi. Ila mradi una sehemu ya mdomo: dakika tano, mimi na mwanafunzi na ramani yake. Namwonesha sehemu moja na kumuuliza, "Hapa rangi imebadilika ghafla, kuna nini?" Aliyeifanya kazi anajibu bila hata kutazama karatasi.

Mchangiaji wa 4

Mkuu hapo kwenye mradi ndipo pangu. Nilichora ramani ya dunia kwa kompyuta, rangi nzuri, ufunguo upo, skeli ipo, mshale wa kaskazini upo. Nikapewa 11 kati ya 20. Maoni yalikuwa mstari mmoja: "Data ghafi." Hadi leo sijaelewa kosa langu.

Mleta uzi

Mstari mmoja hautoshi kumkata mtu maksi tisa. Hilo nalisema kwanza. Nikukisie kilichotokea: ulipaka nchi rangi kwa jumla. Jumla ya watu, au jumla ya hewa ya ukaa, au jumla ya ng'ombe.

Ramani ya kupaka rangi eneo zima inadanganya ikipewa jumla, kwa sababu nchi kubwa huonekana na kitu kingi hata kama hakuna kitu. Jicho linasoma rangi kwa ukubwa wa eneo. Kwa hiyo jumla lazima uigawe kwanza, kwa kilomita ya mraba au kwa idadi ya watu. Bangladesh ina watu zaidi ya 1,100 kwa kilomita ya mraba, Mongolia kama 2. Tofauti hiyo haionekani mpaka ugawe. Hewa ya ukaa nayo: kwa jumla China iko mbele ya wote, ila ukigawa kwa kila mtu, Qatar iko juu yake kwa mbali. Ni hadithi mbili tofauti na zote ni za kweli, na mradi mzuri unazionesha zote mbili na kusema kila moja inajibu swali gani. Kama unataka kuonesha jumla, tumia duara linalokua kadiri namba inavyokua.

Na uliangalia makadirio ya ramani, yaani namna duara la dunia lilivyokunjuliwa kuwa bapa? Programu nyingi zinakupa Mercator bila kukuuliza. Mercator aliichora 1569 kwa ajili ya mabaharia, kwa kuwa mstari ulionyooka kwenye ramani yake unashika pembe moja ya dira safari nzima. Kwa kazi hiyo ni ramani bora kabisa. Ila inatanua sana maeneo ya karibu na ncha. Greenland inaonekana kukaribiana na Afrika wakati Afrika ni kubwa kuliko hiyo takribani mara 14. Ukipaka msongamano wa watu juu ya Mercator, Urusi na Kanada zitakumeza ramani nzima kwa rangi ya "watu wachache". Tumia makadirio yanayotunza eneo, kama Equal Earth ya 2018. Katika mwongozo wangu hilo lina maksi 3 peke yake, na 2 kati ya hizo ni za sentensi inayosema kwa nini umechagua hivyo.

Ufunguo, skeli na mshale nazipa maksi 3 kwa pamoja. Mshale wa kaskazini kwenye ramani ya dunia nzima hata siulizi, maana kwenye makadirio mengi kaskazini haielekei upande mmoja kila mahali.

Mchangiaji wa 2

Asante kwa majibu mkuu, nimeelewa ya ramani. Swali la mwisho kwangu: nilikosa zoezi moja nikapewa sifuri, na sifuri hiyo imenivuruga yote. Halafu kuna suala la kazi za kundi, tuko watano wanafanya wawili. Na wengine wanasema walimu mnapanga kabisa asilimia ya watakaopata A. Ni kweli?

Mleta uzi

Nianze na sifuri. Tuseme una mazoezi manne: 80, 80, 80, na moja hukuleta. Wastani wako ni 60. Hiyo 60 haisemi ukweli wowote kuhusu jiografia unayoijua. Haipo popote kwenye kazi zako. Ndiyo maana napendelea kuondoa zoezi moja la chini kabisa kwa kila mtu, bila kuuliza sababu wala cheti cha daktari. Ukikosa mawili, hapo tuongee. Kuchelewa nako nakata kidogo kwa siku, na siku nikirudisha majibu darasani mlango unafungwa, kwa sababu majibu yameshajulikana.

Kazi za kundi zinaleta uonevu zikitolewa maksi moja kwa wote. Mradi wa eneo unagawanyika kirahisi: mmoja tabianchi, mmoja watu na miji, mmoja uchumi, mmoja mazingira. Kila mtu anasimamia karatasi yake na anapata maksi zake, kisha kuna sehemu ndogo ya pamoja inayounganisha. Wakichukua Bahari ya Aral, kwa mfano, wa uchumi ataeleza pamba ya enzi za Kisovieti na maji ya Amu Darya na Syr Darya yaliyogeuzwa kwenda mashambani kuanzia miaka ya 1960. Wa mazingira ataeleza bahari iliyokauka na vumbi la chumvi. Wa watu ataeleza bandari za uvuvi zilizobaki mbali na maji. Sehemu ya pamoja ni kuonesha kwamba hayo matatu ni jambo moja. Aliyekaa pembeni anaonekana mara moja, maana pengo lake liko palepale.

Kuhusu kupanga A mapema: ipo mifumo inayofanya hivyo, kulinganisha mwanafunzi na wenzake kisha kugawa madaraja kwa asilimia. Kwa kozi ya utangulizi naipinga kabisa. Inamfanya mtu asimsaidie jirani yake, na ikitokea darasa zima limeelewa grafu ya Cape Town, kwa nini nitafute wa kushusha? Vigezo viwekwe wazi, anayevifikia apewe chake.

Na kwa wote wanaoona wameonewa: nenda kwa aliyekusahihisha na vitu viwili, karatasi yako na mwongozo wa maksi. Onesha hatua uliyoiandika ambayo haikulipwa. "Nilijitahidi sana" haiwezi kujibiwa kwa maksi hata na mwalimu mwenye huruma. "Hapa niliandika kwamba mvua inakuja majira ya baridi na sikupata zile mbili" inajibiwa papo hapo.

Kesho nitaweka hapa grafu tatu zisizo na majina pamoja na mwongozo wake. Jaribuni bila kutafuta mtandaoni, muandike hatua zenu zote, nami nitasahihisha nitakazoziwahi.